Deni la Jirani

Elinami alirudi na daftari lililochoka kufutwa,
karatasi imetoboka pale penye
thelathini na mbili kutoa kumi na tano.
Mbili haitoshi kutoa tano, mwalimu kasema,
nenda kwa jirani ukaazime kumi.
Kaazima. Kapata ishirini na saba.
Kapata na mkasi mwekundu, mkubwa kuliko jibu.

Akaniuliza, kidole puani:
"Shangazi, jirani tunamrudishia lini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na genge:
mabanzi manne na turubai, hapa Pasua,
nyanya kwa mafungu, mchicha, mshare za mtori,
na kopo la siagi lisilo na siagi,
limejaa sarafu.

Nikazimwaga juu ya gunia.
Hakuzihesabu kwanza. Alizinusa.
"Zinanuka mikono ya watu."
Tukazipanga. Hamsini mbili ubavuni mwa mia.
Mia tano moja moja, zikasimama mnara,
na pembeni jero pekee, ile yenye nyati.
Hapo akagoma.
"Hawa ni watano. Huyu ni mmoja."
Sikubishana. Nikamtuma kwa Mama Ndekirwa
akanunue chumvi kwa mnara,
na kesho yake, kwa nyati.
Akaziweka pakiti mbili mezani,
akazitazama hadi uji ukapoa.

Jumamosi akaja Mrutu, fundi baiskeli.
Nyanya jero, mchicha mia mbili,
ndizi mia sita na hamsini, baada ya kunibembeleza.
Akatoa buku mbili, akampa mtoto, si mimi.
Nikauma ulimi.
Elinami akatazama turubai, kana kwamba jibu limening'inia juu,
kisha akaanza kutokea chini:
"Elfu moja mia tatu na hamsini."
Akaweka hamsini. "Mia nne."
Akaweka mia. "Mia tano."
Akaweka nyati. "Buku mbili."

Hakutoa kitu. Alipanda,
kama mtu atokaye huku kwetu kwenda mjini kwa miguu,
akipumzika kila penye kivuli.
Mrutu akarudia hesabu, midomo ikimchezacheza,
akaondoka bila neno.
Kwa Mrutu, hiyo ni sifa.

Mchana ikaja noti ya tembo, kununua mchicha!
Chenji hatuna. Elinami akachomoka nayo kwa Mama Ndekirwa,
akarudi amekumbatia hela kwa mikono miwili,
akasimama juu ya mtaro, mteja anamngoja.

"Shangazi. Kumbe jirani hatumkopi.
Tunampa nzima, anatupa vipande.
Hatudaiani."

Usiku ule hakutaka kifutio.
"Makumi yalikuwa matatu," alimwambia taa,
"moja nimelivunja, yamebaki mawili."
Kumi na saba ikaandikwa pembeni mwa tundu la karatasi,
ndogo, imeinama kidogo.

Nikadhani somo limeisha. Nikaanza kuchambua maharage.
Akaenda uvunguni, akaleta kibubu chake,
kile cha mbao alichochongewa na babu yake wa Siha,
akakitikisa sikioni
muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Humu walikuwamo nyati saba."

Maharage yakanitoka vidoleni.
Ilikuwa Februari, gesi imekata na mtori haujaiva;
niliwatoa kwa ncha ya kisu, mmoja mmoja,
kupitia tundu lilelile walimoingilia,
nikisema moyoni: mwisho wa mwezi.
Miezi imekwisha mingapi, simwambii mtu.

"Hawa," akauliza, bila hasira,
kwa sauti ileile ya kuuliza bei,
"walivunjwa, au walikopwa?"

Nikashusha daftari la madeni kutoka msumarini.
Nikafungua ukurasa wa Mama Ndekirwa na Mrutu
na mwalimu mwenyewe, wa mkasi mwekundu, nyanya mafungu mawili.
Nikampa kalamu.
Akaandika, ulimi nje:
SHANGAZI 3,500

Tano imegeuka, inatazama nyuma.
Sikuisahihisha.